Miaka 41, miwani ya hasi saba, na mapenzi ya ndondi: je, nimechelewa?

"Mwalimu, nina miaka 41, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Sijawahi kuwa mtu wa michezo. Shuleni nilikuwa yule anayebaki mwisho timu zikigawanywa, nikakubali kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa mambo hayo. Miezi miwili iliyopita rafiki yangu alinivuta kwenye darasa la ndondi. Nikaenda ili asinune. Sasa naenda mara mbili kwa wiki, na siku ya darasa siwazi kitu kingine. Ila mambo yananichanganya. Raundi ya kwanza haijafika katikati nimeshaishiwa pumzi. Kifundo cha mkono wa kulia kinauma, hasa nikifungua kifuniko cha chupa. Padi anazonishikia kocha nazikosa ovyo, na waliokuja baada yangu wananipita. Navaa miwani ya hasi saba. Huwa naivua na kuiweka kwenye mkoba kabla ya kuanza. Kocha anasema mwezi ujao lazima niingie ulingoni kwa sparingi, yaani kupigana na mwenzangu kwa mazoezi, ili nitoe woga. Mume wangu anacheka, anasema nina hasira zilizojificha. Je, nimechelewa? Na ni kawaida mtu mpole kama mimi kupenda kupiga?"

Dada yangu, barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale ulipokwenda "ili asinune", maana watu wazima wengi ninaowafundisha waliingia kwa mlango huohuo. Mara ya pili nilisimama kwenye neno moja ambalo nadhani uliliandika bila kulifikiria: mkoba. Nianze na huo mkoba, kwa sababu ndani yake kuna jibu la mengi unayojilaumu nayo.

Mtu wa hasi saba akivua miwani, mwisho wa kuona bila ukungu ni sentimita 14 hivi kutoka machoni. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya mita moja kwa saba. Padi anayokushikia kocha iko umbali wa mkono ulionyooka, yaani mara nne au tano ya hapo, na haitulii. Kwa hiyo kwa miezi miwili umekuwa ukirusha ngumi kwenye wingu linalosogea, kisha unarudi nyumbani ukiusema mwili wako. Hao wanaokupita wanaiona padi. Sisemi miwani ndiyo sababu yote, lakini sitakubali mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza, aseme huna shabaha kabla hujaona unachokilenga.

Nenda kwa daktari wa macho umweleze mchezo wenyewe. Kwa gunia, kuruka kamba na padi, watu wengi hutumia lenzi laini zinazovaliwa juu ya jicho, au miwani ya michezo yenye lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, na mkanda unaozunguka kichwa. Miwani yako ya kila siku usiivae kwenye padi; padi huteleza. Na ukiwa hapo usiondoke haraka, kuna jambo jingine kubwa la macho ambalo nitalifikia.

Sasa hilo la kutoumbwa kwa michezo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto aliyechaguliwa wa kwanza shuleni alipata mpira zaidi, akacheza zaidi, akawa bora zaidi, akachaguliwa tena. Aliyebaki mwisho alipewa nafasi ya kusimama pembeni. Baada ya miaka kumi ya hivyo tofauti inaonekana kama ya kuzaliwa nayo. Ustadi wa kupanga mikono na miguu ni kazi ya ubongo, hasa ile sehemu ya nyuma iitwayo serebela, ambayo hulinganisha ulichokusudia na kilichotokea, ikarekebisha kidogo, na kidogo tena. Marekebisho mengine hukamilika ukiwa umelala. Ndiyo maana jambo lililokushinda Jumanne linaweza kukukubali Alhamisi bila kujua limepitia wapi. Wewe umefanya vipindi 16 au 17 tu maishani mwako, na vyote bila kuona vizuri.

Tena ndondi ina haki fulani ambayo michezo mingine haina. Ngumi iliyonyooka ni mwendo wa ajabu kwa kila mtu. Mguu wa nyuma unasukuma sakafu, nyonga inazunguka, bega linafuata, na ngumi inafika mwisho kabisa kama barua iliyopitia mikono ya watu wanne. Wenye misuli ndio huteseka zaidi mwanzoni, kwa kuwa wanaweza kudanganya kwa nguvu za mkono. Nilikuwa na mwanafunzi, mwalimu wa hesabu mwenye umri kama wako, aliyepishanisha miguu kila alipotembea upande kwa miezi mitatu mizima. Hakuwa na nguvu za kuficha kosa, hivyo alilazimika kulitatua. Leo miguu yake ni mizuri kuliko yangu, na hunikumbusha.

Je, umechelewa? Inategemea kwa lipi. Watu watakutajia George Foreman aliyeutwaa tena ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1994 akiwa na miaka 45, au Bernard Hopkins aliyeshinda taji mwaka 2011 akiwa na 46. Ni hadithi tamu ila hazikuhusu. Foreman alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki tangu 1968. Hakuanza ukubwani, aliendelea. Mashindano ya ridhaa ya kimataifa huwapokea watu wazima wa miaka 19 hadi 40, na wewe umeshavuka. Kwa hiyo kama ndoto ni mkanda, ndiyo, umechelewa, na nisingekutendea haki kukuficha. Kama ndoto ni kujua ndondi, kuijua kwelikweli mikononi na miguuni, hujachelewa hata kidogo, na hudaiwi pambano na mtu ili kuthibitisha hilo.

Tuje kwenye pumzi. Unadhani mapafu yako ni madogo. Kwa mtu mwenye afya, mapafu mara chache ndiyo kikwazo. Misuli inapoanza kazi ya nguvu hutumia kwanza akiba ndogo iliyomo ndani yake, ya sekunde kumi hivi. Kisha huchoma sukari bila kusubiri oksijeni. Mfumo wa oksijeni, ambao ndio wa kudumu, huchukua dakika mbili hivi au tatu kufikia kasi yake. Umeona shimo lilipo? Raundi ya kawaida ni dakika tatu. Ukiianza ukiwa baridi, kwa ngumi za nguvu zote, unaanguka kwenye shimo hilo kabla daraja halijajengwa. Mwili uliozoea hujenga daraja hilo upesi zaidi. Wako bado unajifunza.

Juu ya hapo nina hakika unafanya mambo mawili ambayo wageni wote hufanya: unabana pumzi unapopiga, na unakunja ngumi kwa nguvu muda wote. Ngumi iliyokunjwa kwa raundi nzima inakaza kigasha, bega na shingo, misuli ambayo haijapiga mtu inakula hewa bure. Mkono uwe umelegea ndani ya glovu, kama umemshika kifaranga, ukazwe pale tu unapogusa gunia, kisha ulegee tena. Toa pumzi fupi kwa kila ngumi, ile sauti ya "tss" unayowasikia mabondia wakiitoa. Si mbwembwe, ukitoa pumzi kidogo kila mara, mwili wenyewe utaivuta. Pasha moto dakika kumi kabla ya raundi ya kwanza hadi jasho lianze, na kwa sasa piga kwa nguvu kama sita kwa kumi. Ukishindwa kusema sentensi fupi mwishoni mwa dakika moja ya mapumziko, raundi ijayo ipunguze.

Habari njema ni kwamba pumzi huja mapema. Ujazo wa maji ya damu huanza kuongezeka ndani ya wiki ya kwanza au ya pili ya mazoezi, moyo ukawa unasukuma damu nyingi kwa kila pigo. Habari mbaya inatokana na hiyohiyo. Misuli huchukua wiki kadhaa kuzoea. Kano na mifupa, miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, na uko ndani yake sasa hivi, ambapo moyo unasema twende na kifundo cha mkono kinasema ngoja. Wengi humsikiliza moyo.

Kifundo chako basi. Maumivu ya wageni mara nyingi hutokana na mkono kukunjika kidogo wakati wa kugusa gunia. Unapaswa kutua na vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, kwa sababu viko kwenye mstari mmoja na mfupa mnene wa kigasha. Ukitua na upande wa kidole cha mwisho, mfupa mwembamba wa kiganja unabeba mzigo peke yake, na huo ndio huvunjika kwa watu wanaopiga kuta kwa hasira. Bandeji yako iwe ndefu, ya mita nne na nusu hivi, uizungushe kifundoni mara tatu au nne kabla ya kwenda kwenye vifundo vya vidole, na umalizie tena kifundoni. Kwa gunia tumia glovu za aunsi 12 au 14 zako mwenyewe. Zile za kuazima huwa zimeshakufa sponji. Pumzisha mkono huo wiki mbili. Mazoezi usiache: miguu, kuruka kamba, kupigana na kivuli (kurusha ngumi hewani), mkono wa kushoto peke yake. Mkono wa kushoto ndio wa jabu, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele, kwa anayetumia kulia, na jabu ndiyo ngumi utakayoirusha kuliko nyingine zote, kwa hiyo hizo wiki mbili hazipotei.

Lakini fanya jaribio moja leo. Nyanyua kidole gumba kama unayesema "safi". Chini yake, upande wa kifundo, kutatokea kibonde kidogo. Kibonyeze. Kama maumivu yako hapo hasa, usisubiri wiki mbili, nenda ukapigwe picha. Chini ya kibonde hicho kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao damu huufikia kwa shida. Ukipasuka, picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Daktari makini hufunga mkono na kurudia picha baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Ukipuuzwa huweza kukataa kuunga. Pia nenda kama kuna uvimbe, ganzi vidoleni, au maumivu yanayokuamsha usiku.

Sasa sparingi, na hapa nitamkosoa mwenzangu. Mtu wa miezi miwili hapaswi kuingia ulingoni kupigana, hata awe na macho ya tai. Kwangu mimi ni miezi sita kwa uchache, na ni kwa anayetaka mwenyewe. Kinachoitwa kutoa woga mara nyingi ni kumfundisha mtu kufumba macho na kugeuza uso, tabia ambayo baadaye nitatumia mwaka kuiondoa. Woga wa ngumi hutolewa polepole: mwenzako anarusha jabu moja inayojulikana, kwa mwendo wa kunyoosha mkono tu, wewe unaidaka kwa kiganja, mara mia, hadi ichoshe.

Kwako wewe kuna zaidi. Jicho la hasi sita na kuendelea huwa limerefuka, na retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, huwa umevutwa na kuwa mwembamba. Pigo la uso linaweza kuuchana au kuubandua. Ndiyo maana vyama vya ndondi katika nchi mbalimbali huweka kikomo cha nguvu ya miwani kwa wanaotaka kupigana, na hasi saba huangukia nje ya mipaka ninayoijua. Lenzi za kuvaa jichoni zitakufanya uone, hazifupishi jicho. Upasuaji wa leza nao hivyohivyo: hukuvua miwani, retina ikabaki ileile. Mwombe daktari akupanulie mboni kwa dawa na kuikagua retina yote mpaka kingoni, umwambie waziwazi kuna mtu anataka upigwe kichwani. Ninafahamu atakachosema. Siku yoyote ukiona vimulimuli vya ghafla, madoa meusi mengi yanayoelea, au kivuli kama pazia upande mmoja wa jicho, iwe baada ya mazoezi au ukiwa jikoni, ni hospitali siku hiyohiyo.

Hata ungekuwa na macho mazuri, bado kuna ubongo. Unaelea ndani ya maji kwenye fuvu, na ngumi ya kidevu huzungusha kichwa ghafla. Fuvu linageuka, ubongo unachelewa, nyuzi zake zinavutika. Glovu hulinda zaidi mkono wa anayepiga. Kofia ya kichwa hupunguza michubuko na kuchanika, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani. Ndondi za ridhaa za wanaume wa ngazi ya juu ziliiacha mwaka 2013, na Rio 2016 wanaume walipigana vichwa wazi. Daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza tangu mwaka 1928 hali ya mabondia wastaafu waliotembea na kusahau kama walevi, na kinacholeta madhara hayo si kuangushwa tu. Ni mapigo madogo mengi, yakiwemo ya mazoezini ambayo hakuna anayeyahesabu. Mimi bado naupenda mchezo huu, na bado nawaandaa vijana wanaochagua kupigana. Hilo halinipi ruhusa ya kulisema kwa sauti ya chini.

Kama wewe au mwenzako mtagongwa kichwa, hata kwa bahati mbaya, mazoezi yanaishia hapo siku hiyo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni mbili zisizolingana, udhaifu wa upande mmoja au degedege ni dharura.

Kwa hiyo mwambie kocha: "Nakuja kujifunza, sipigani, na ni kwa sababu ya macho." Kocha wa kweli atasema sawa na kukupangia kazi nyingine, na kazi ipo ya maisha mazima. Hii ndondi ya kutopigwa si ya bandia. Huko Indianapolis tangu 2006 kuna programu ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, wanaopiga magunia na padi na kufundishwa miguu ya kibondia, na hakuna anayewarudishia ngumi. Akikwambia bila sparingi wewe si bondia, tafuta kocha mwingine. Vivyo hivyo akikushawishi kuhusu yale mapambano ya watu wa maofisini yaliyoanzia Gleason's Gym, New York, miaka ya 1980. Watu wawili wanaojua kupiga kidogo na kujikinga hawajui kabisa ni jambo linalonitisha kuliko mabondia wawili waliokomaa.

Mume wako mwambie nimesikia, na amekosea kwa namna ya kawaida kabisa. Wengi huamini hasira ni kama mvuke, ukipiga gunia inatoka. Mtafiti Brad Bushman aliijaribu imani hiyo katika utafiti alioutoa mwaka 2002: waliopiga gunia huku wakimwaza mtu aliyewaudhi waliondoka na hasira zaidi kuliko waliokaa tu kimya. Kwa hiyo hata ungekuwa nazo zilizojificha, gunia peke yake lisingezimaliza, na usilipe jina la mtu. Ninachokiona kwenye barua yako ni kitu kingine. Siku ya darasa huwazi kitu kingine, umesema mwenyewe. Dakika tatu zenye kengele mwanzo na mwisho, hakuna mtoto anayekuita, hakuna kazi inayokungoja mezani, na gunia linakujibu papo hapo kama umepiga vizuri au vibaya, bila kukusema. Mtu aliyekaa miaka arobaini akiambiwa mwili wake haufai, siku moja anausikia mlio wa ngumi iliyotua sawasawa. Ningeshangaa usingependa. Upole wako hauna ugomvi na hilo. Wapiganaji wapole kuliko wote nimewakuta kwenye kumbi za ndondi.

Kabla ya kuongeza mwendo pima shinikizo la damu, maana ni miaka mingi ya kiti. Maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kwenda mrama wakati wa mazoezi ni mambo ya daktari, si ya kocha. Mwili kuuma siku moja hadi tatu baada ya darasa ni kawaida. Mkojo kuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali si kawaida, wahi hospitali. Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa sasa, ya tatu iongeze kifundo kikishapona, na isifuatane na nyingine.

Jambo la mwisho ni la magoti. Nadhani unapokwepa unainama kwa kiuno, kwa sababu wote wasioona vizuri huinama kwenda kutafuta padi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwetu huinama kwa magoti, macho yakibaki mbele. Ukishapata lenzi, funga kamba usawa wa bega lako kutoka ukuta hadi ukuta, upite chini yake kulia na kushoto raundi mbili kila siku ya darasa, usiigonge kwa kichwa. Na bandeji zifue kila baada ya mazoezi, usiziache mkobani na miwani.